Kompyuta Si ya Wachache

Leo tutazungumza juu ya watoto wetu wanaokwenda chuoni kusoma kompyuta.

Nilipoingia chuo, siku ya kwanza mwalimu alisema, "Washeni mashine." Wenzangu wa mjini wakawasha. Mimi sikujua pa kubonyeza. Binti aliyeketi karibu nami naye hakujua. Tuliona haya, tukanyamaza. Wiki haikwisha, yule binti akaacha somo. Je, alikosa akili? La. Shule aliyotoka haikuwa na umeme, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Ninyi mnalijua jambo hili. Siku ya kwanza darasani hata kalamu ilikuwa nzito mkononi.

Wako wasemao kompyuta ni kazi ya wanaume. Si kweli. Mwaka 1946 mashine kubwa iitwayo ENIAC ilionyeshwa huko Marekani. Walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake 6. Na hapa Tanzania, Bi. Carolyne Ekyarisiima alianzisha shirika la Apps and Girls mwaka 2013 ili wasichana wafundishwe kutengeneza programu.

Jambo la pili ni lugha. Chuoni hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hupambana na lugha kabla hajalifikia somo. Lakini programu ni nini? Ni maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu. Sikilizeni: "Ikiwa mahindi yamekauka, yatie ghalani. Kama hayajakauka, yaanike tena." Mkulima gani wa Songea asiyeelewa hayo? Mwalimu na aanzie hapo, kisha alete Kiingereza.

Tena mwalimu awaketishe wanafunzi wawili wawili, wapokezane mashine, ili anayejua asiishike peke yake. Asiulize, "Nani hajui?" maana mwenye haya hatajibu. Awaonyeshe wote tangu mwanzo. Asiyeona apewe programu inayosoma maneno kwa sauti.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Siwezi," msimwambie aache. Mwulizeni kwanza, "Je, umeonyeshwa?" Yule binti hakuulizwa na mtu, hata mimi sikumwuliza.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini yule binti aliacha somo?
2. Taja kazi moja ya nyumbani, kisha ipange kwa maagizo matatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.