Kabla Hujatuma, Muulize Aliyeko Huko

Hotuba kwa wazee wa vijiji, wahamasishaji wa afya ya jamii na viongozi wa vijana, Kaunti ya Tana River



Nimeombwa nizungumze kuhusu habari za uongo. Sitawapeleka mbali. Sisi watu wa Tana River tunaijua bei ya uvumi kuliko wengi.

Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa huku Delta katika mapigano baina ya wakulima na wafugaji. Ugomvi ulikuwa na mizizi yake: ardhi, maji, malisho na siasa. Uvumi peke yake haukuuanzisha, lakini uvumi huwa upepo kwa moto. Kijiji kikisikia kwamba jirani ananoa mapanga, nacho hunoa. Jirani akiona mapanga yamenolewa, huamini kwamba aliyoambiwa ni kweli. Hivyo ndivyo uongo unavyojizalia ushahidi.

Baada ya mapigano hayo, shirika la Sentinel Project lilianzisha huku mradi ulioitwa Una Hakika. Aliyesikia jambo la kutia hofu aliweza kuuliza kwa ujumbe wa simu. Wahusika wa mradi waliwatafuta watu walio karibu na jambo lenyewe, kisha wakarudisha jibu. Hapakuwa na muujiza. Kazi ilikuwa kumuuliza mtu aliyeko huko. Na jina la mradi ni swali ambalo kila mmoja wetu anaweza kujiuliza mwenyewe: una hakika?

Siku hizi mambo yanakwenda mbio zaidi. Picha ya mafuriko ya 2024 inaweza kurudi mwaka huu ikiwa na maneno mapya. Sauti iliyorekodiwa kwingine inaweza kuingia WhatsApp ikidaiwa ni ya Garsen. Anayetutumia mara nyingi si adui. Ni shangazi au mjomba anayetutakia mema. Ndiyo maana tunamwamini haraka. Lakini mapenzi yake kwetu hayathibitishi habari.

Chukueni mfano wa mto. Mabwawa ya huko juu, kama Masinga na Kiambere, yakifurika, maji hushuka hadi kwetu hata kama hapa hakuna mvua. Ilani ya kweli huokoa maisha. Sasa, watu wakiambiwa mara tatu, "Bwawa limepasuka, hameni usiku huu," wakatoka na watoto na mbuzi, wakakuta ni uongo, mara ya nne nani atainuka? Na huenda hiyo ya nne ndiyo ya kweli.

Tuna msemo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengine huufanya ruhusa ya kusambaza kila wanachosikia. Mimi nasema, lisemwalo liulizwe.

Yako maswali matatu. Nani aliona kwa macho yake? Wapi hasa, kijiji gani? Lini? Ujumbe usiojibu maswali hayo, uache ubaki kwenye simu yako.

Kisha uliza. Jambo la usalama, muulize chifu au mzee wa kijiji kinachotajwa, usiishie kwa watu wa kijiji chako, kwa kuwa hao wamesikia ulilosikia wewe. Jambo la chanjo au dawa, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii au nenda zahanati. Jambo la mto, tafuta ilani ya Idara ya Hali ya Hewa au ya KenGen.

Kuna atakayeuliza, "Na kama ni kweli, nikanyamaza, watu wakadhurika?" Swali zuri. Usinyamaze. Mpigie chifu au polisi mara moja. Kumwarifu anayeweza kuchukua hatua si kueneza uvumi. Kurusha ujumbe kwenye vikundi kumi ndiko kueneza. Na aliyekwisha kutuma akagundua ni uongo, arudi kwenye kikundi kile kile aseme hivyo. Kufuta kimya kimya hakutoshi, maana waliosoma wameshasoma.

Sisi wa serikali pia tuna zamu yetu. Ofisi ikinyamaza, uvumi hujaza nafasi. Mwananchi akiuliza, anastahili jibu mapema, hata kama jibu lenyewe ni, "Bado tunachunguza."

Nina ombi moja. Kabla hamjaondoka hapa, kila mmoja achukue nambari ya simu ya mtu wa jamii nyingine, au wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Mjuliane hali wakati wa amani. Siku ujumbe wa hofu utakapoingia ukiwataja watu wake, mpigie yeye kwanza.