Kamera ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Fedha

Mada iliyotolewa kwa vijana, wazazi na walezi wa wilaya za Tarime na Serengeti



Tulipoombwa kuja kuzungumza juu ya ununuzi wa vifaa vya kielektroniki, tulikusudia kusema habari za simu, redio na luninga kama tulivyozoea. Barua yenu ya mwaliko ilikuwa na mstari mmoja uliotubadilishia mada. Ilisema kwamba vijana wengi wa huku wanataka kujifunza kupiga picha, na kwamba wazazi wanaombwa fedha za kamera bila kujua kinachokwenda kununuliwa. Basi leo tutazungumza juu ya kamera tu.

Tuanze na shauri lililotufikia. Mzazi mmoja wa upande wa Tarime aliuza dume la ng'ombe ili kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne, apate kamera na kuanza kazi ya picha za harusi na mahafali. Kijana akaenda dukani akiwa na shilingi 450,000, akarudi na boksi zuri lililoandikwa kwa herufi kubwa: megapikseli 48, video ya 4K, zumu mara 16. Nje, juani, picha zilionekana nzuri kwenye kioo kidogo cha kamera. Jumapili yake alipiga picha za ubatizo ndani ya kanisa, na hakuna hata moja iliyofaa kuchapwa. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa uji. Aliporudi dukani alionyeshwa bango ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sisi tulipoishika kamera ile tuliona kwamba boksi halikuwa na jina la mtengenezaji anayejulikana. Lenzi yake ilikuwa kigae kidogo cha plastiki kisichobadilishwa, na ndani yake mlikuwa na kihisi cha mwanga kidogo kama cha simu ya bei ya chini. Zile megapikseli 48 zilikuwa za kutengenezwa. Kamera ilipiga picha yenye nukta chache, kisha programu yake ikazijaza nukta za kubuni hadi hesabu ikatimia, ni sawa na kuongeza maji kwenye maziwa ili debe lijae. Na zumu mara 16 haikuwa kazi ya lenzi. Kamera ilikuwa inakata kipande cha katikati ya picha na kukikuza, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya baadaye kwa simu yake bila kulipia.

Kijana hakuwa na risiti. Alikuwa na ujumbe wa malipo ya simu tu, na ujumbe ule ulithibitisha siku na kiasi cha fedha, lakini haukuthibitisha muuzaji alimwahidi nini. Mwisho wa shauri alirudishiwa sehemu ya fedha kwa maelewano, na dume halikurudi zizini. Tunalisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu kila tutakalosema baada ya hapa limetoka ndani yake.

Kwanza, hesabu ya megapikseli isiwe ndiyo ya kuamua ununuzi. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapwa vizuri, kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji takribani megapikseli 9. Picha ya paspoti saizi huhitaji chache mno. Kamera halisi ya mwanafunzi yenye megapikseli 18 au 24 inatosha kwa harusi, mahafali, kalenda na hata bango la ukutani. Kinachofanya picha ya kanisani iwe safi ni ukubwa wa kihisi na ubora wa lenzi, na mambo hayo mawili ni nadra kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Mwanafunzi atafute kamera ambayo lenzi yake hutolewa na kubadilishwa, na ambayo juu yake ina gurudumu lenye herufi M. Herufi hiyo ina maana kwamba mpigaji anaweza kuamua mwenyewe mambo matatu: tundu la lenzi lifunguke kiasi gani, shata ibaki wazi kwa muda gani, na kihisi kiwe na wepesi gani wa kupokea mwanga, yaani ISO. Elimu yote ya picha imejengwa juu ya mambo hayo matatu. Kamera inayokuamulia yote haitakufundisha, hata ikiwa ya bei kubwa.

Ziko aina mbili kuu. Ya zamani ina kioo ndani yake, nayo ndiyo wapiga picha wengi wa mijini kwetu wanayo mabegani. Ya sasa haina kioo, ni nyepesi zaidi, na watengenezaji wakubwa wamehamishia nguvu zao huko. Canon na Nikon zote mbili zilianzisha mwaka 2018 mifumo mipya ya kufungia lenzi kwa ajili ya kamera za namna hiyo. Kwa mtu anayeanza akiwa Mugumu au Nyamongo, sisi tunaona kamera ya kioo iliyotumika bado ni chaguo la busara. Lenzi zake zilizotumika ni nyingi na bei yake imeshuka. Tena haili betri upesi. Nikon D3500, kwa mfano, ilitangazwa na mtengenezaji kuwa hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, wakati kamera nyingi ndogo zisizo na kioo hutajwa kwa picha mia chache tu. Umeme unapokatika asubuhi ya harusi, tofauti hiyo ndiyo inayookoa kazi. Hatulitaji jina hilo ili mlikimbilie dukani. Sisi si mawakala wa kampuni yoyote, na ziko nyingine za kiwango hicho hicho.

Wapo watakaoona haya kushika kamera iliyotumika. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie iliyokwishatumika na mtu mwingine. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix katika jiji hilo hilo la Dar es Salaam, na Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionekana dunia nzima.

Sasa kuhusu fedha. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kijana kumaliza fedha zote kwenye kamera na kubaki hana lenzi ya maana, betri ya akiba, kadi wala begi. Aliye na shilingi 900,000 asiitafute kamera ya 900,000. Aitafute ya theluthi mbili ya fedha hizo, ikiwa na lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na kinachobaki kinunue betri ya pili, kadi mbili na begi linalofungika vizuri. Ikibaki akiba, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ndiyo tungeipendekeza iwe ya pili. Ni ndogo, ni rahisi kuliko lenzi nyingine nyingi, na hupokea mwanga mwingi ndani ya ukumbi hafifu.

Tunajua swali litakalofuata, kwa kuwa tuko Serengeti: na nyumbu je? Kila mwaka kati ya Julai na Oktoba makundi ya nyumbu huvuka Mto Mara kule Kogatende, na watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani wakiwa wamebeba lenzi ndefu kama mikono ya watu wazima. Picha zilizoitangaza hifadhi hii duniani kwa miaka mingi zilipigwa na wageni. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar, ni mfano mmoja. Ni haki na ni vyema vijana wa huku nao wapige zao. Ila lenzi ya kufikia mnyama aliye mbali, ya milimita 300 na kuendelea, isiwe ununuzi wa kwanza. Itakaa kabatini kwa sababu gari la kuingia hifadhini halipatikani kila wiki, wakati mahafali ya shule, ibada na picha za vitambulisho vipo mwaka mzima hapa hapa kijijini. Kamera ikishaanza kujilipa, lenzi ndefu itafuata.

Vumbi nalo ni adui tunayemfahamu wote. Barabara zetu za kiangazi hazina huruma. Mtu asibadilishe lenzi juu ya pikipiki, wala kando ya barabara lori linapopita. Na anayenunua kamera iliyotumika aifanyie jaribio hili kabla ya kulipa. Afunge tundu la lenzi hadi f/16, apige picha ya karatasi nyeupe au ya anga tupu, kisha aikuze kwenye kioo cha kamera. Madoa meusi yakionekana mahali pale pale katika kila picha, kihisi kina uchafu. Kisha aitoe lenzi na kuimulika kwa tochi ya simu. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya vioo ni kuvu, nayo hupenda vifaa vilivyokaa kwenye unyevu. Tunashauri lenzi ya namna hiyo iachwe hata ikipunguzwa bei. Aulize pia shata imefanya kazi mara ngapi. Kwa kamera za wanaoanza, kiwango kinachotajwa mara nyingi ni takribani mara 100,000, na baadhi ya kamera huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha. Muuzaji anayekataa kukuruhusu kupiga hata picha kumi mbele yake amekwishakujibu.

Kadi za kumbukumbu ni shida ya peke yake, na tunaomba mtusikilize hapa. Zipo kadi bandia zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani yake hazifikii hata robo. Kadi hiyo haikatai. Hupokea picha, huonyesha kana kwamba zimehifadhiwa, na baadaye faili hazifunguki. Bibi harusi havai shela mara mbili ili mpigaji arudie. Kabla ya kuipeleka kadi kazini, ijazwe mpaka mwisho kwa video za majaribio nyumbani, kisha faili za mwanzo na za mwisho zifunguliwe kwenye kompyuta. Kazi hii huchukua saa chache tu. Betri za kuiga nazo huvimba na kukwama ndani ya kamera. Ikianza kuvimba itolewe na isichajiwe tena.

Kwa kuwa Sirari iko jirani, wengi watauliza kuhusu kununua ng'ambo ya mpaka. Hakuna katazo, lakini yapo mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na kamera hizi hazizalishwi humu. Kwa hiyo itangazwe forodhani na ilipiwe kinachostahili. Pia muuzaji aliye Kenya yuko chini ya sheria za Kenya, na waranti yake huenda isitambuliwe na fundi wa upande huu. Uliza kwanza, uandikiwe. Kuhusu wauzaji wa mtandaoni ambao hawana duka wala anwani na wanataka fedha zote zitumwe kwa namba ya simu kabla hujauona mzigo, nyote mmekwishapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Jamaa ni wale wale, wamebadilisha bidhaa tu.

Tumalizie kwa karatasi, maana ndiyo iliyokosekana katika shauri lile la dume. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na bidhaa inapaswa kulingana na maelezo iliyouziwa. Bango la ukutani haliifuti sheria. Lakini anayelalamika lazima aonyeshe aliambiwa nini. Kwa hiyo dai risiti ya mashine ya kodi, na pamoja nayo mwombe muuzaji aandike kwa mkono na kutia sahihi: jina na toleo la kamera, namba yake ya utambulisho, kama ni mpya au imetumika, vilivyomo ndani ya boksi, na siku za waranti. Piga picha karatasi hiyo kwa simu siku hiyo hiyo, kwani wino wa risiti za mashine hufifia. Boksi lisitupwe, maana maandishi yake ni sehemu ya ushahidi. Kikundi cha vijana kinachonunua kwa mkopo wa halmashauri kiwe makini zaidi, kwa kuwa marejesho hayasubiri kamera itoke kwa fundi.

Na kwa kijana ambaye mzazi wake hana fedha mwaka huu, hakuna kilichoharibika. Simu iliyo mfukoni ifanye kazi kwa miezi mitatu. Piga watu wale wale asubuhi, adhuhuri na jioni, uone mwanga unavyobadilisha sura zao. Ukiona unachoka, utakuwa umeokoa ng'ombe.

Pale mezani tumeweka kamera tatu. Mojawapo ina kuvu kwenye lenzi, na nyingine ni ile ya megapikseli 48. Tumeleta tochi na karatasi nyeupe. Tutaanza na wazazi, kisha vijana, na atakayeitambua yenye kuvu bila kusaidiwa atueleze sote ameionaje.