Urefu si ugonjwa: tuangalie shingo zetu

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wananchi wa Mkongani



Juzi mama mmoja alinijia na bintiye wa sekondari, msichana aliyewapita kaka zake kwa kimo. Amesikia kuwa watu warefu hupata saratani ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, yenye umbo la kipepeo. Akaniuliza, "Daktari, nimpunguzie chakula asizidi kurefuka?"

Nikamjibu: mama, mpe mtoto ashibe.

Habari yenyewe si uzushi. Huko Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 144,000 waliokoma hedhi, kwa takribani miaka 12, wakatoa matokeo mwaka 2013. Kwa kila sentimita 10 za kimo, hatari ya kupata saratani kwa jumla ilipanda kwa asilimia 13. Kwa thairoidi ilipanda zaidi ya asilimia 20.

Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, katika wanawake 1,000 wanaugua 10. Ukiongeza asilimia 20 wanakuwa 12. Hao 988 waliobaki hawaugui, hata wakiwa warefu kama minazi. Kimo hakibadilishwi, na kumnyima mtoto chakula ni kumletea maradhi mengine.

Yako mambo yenye uzito kuliko urefu. Wanawake huugua saratani hii takribani mara tatu kuliko wanaume. Aliyepigwa miale shingoni utotoni, au mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, naye awe macho zaidi.

Sasa fanyeni hivi nyumbani. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji, uangalie shingo unapomeza. Ukiona kivimbe kinachopanda na kushuka, usitishike. Vivimbe vingi vya tezi hii si saratani. Ila usikae nacho. Wahi zaidi ikiwa kinakua, sauti imekwaruza kwa wiki kadhaa, au kumeza kumekuwa kwa shida.

Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika, utaandikiwa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni. Kivimbe hupimwa kwa picha ya altrasaundi, na pengine kwa sindano nyembamba inayochota chembe kidogo. Aina ya saratani hii inayopatikana zaidi hukua polepole, na ikigunduliwa mapema wagonjwa wengi hupona.

Na jikoni, tumieni chumvi yenye madini ya joto, na mkebe wake ufunikwe. Upungufu wa madini hayo huvimbisha tezi hiyo hiyo.

Akina mama, najua wapo wanaofunika kivimbe kwa leso mwaka baada ya mwaka. Tafadhali, ifunue shingo mbele ya mhudumu wa afya.