Machela haitaki kukazwa

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya machela. Sina maana ya ile ya kubebea wagonjwa, bali ile ya wavu au kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili ili mtu ajipumzishe. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakiilalia kabla Christopher Columbus hajafika kwao mwaka 1492, wala hawakuhitaji zaidi ya kamba. Sisi wa mjini tukiinunua, tunahangaika na minyororo, springi na vyuma, utadhani tunajenga daraja.

Kila nipitapo ufukweni siku ya mapumziko naona jambo lile lile: machela imekazwa hadi ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe anaamini kwamba ikikazwa ndiyo iko salama. Ni kinyume chake.

Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 amelala. Kila upande ipo kamba ya mita 1, na kutoka kwenye mti hadi kwenye machela imeshuka nusu mita. Hapo kila kamba inavutwa kwa uzito wa kilo 70. Sasa ikaze, ishuke sentimita 17 tu. Kila upande utavutwa kwa takriban kilo 200! Mtu ni yule yule, uzito ni ule ule.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Lakini kamba ikiwa nene, kinachong'oka ni kile ilichofungiwa. Ndiyo maana nasema usifunge machela kwenye nguzo ya matofali. Nguzo ile imejengwa kubeba mzigo kutoka juu, si kuvutwa ubavuni. Ikianguka, itamwangukia aliyelala, na watoto ndio wapendao kubembea humo. Mpapai nao usiuguse. Shina lake ni laini na ndani ni wazi. Tafuta mwembe au mwarobaini mnene.

Basi tununue nini? Mikanda 2 ya poliesta inatosha, yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, na kitanzi kwenye ncha moja. Uwezo wake usipungue mara 5 ya uzito wako. Zungusha mkanda kwenye mti, pitisha ncha ndani ya kitanzi, vuta, kisha fungia machela kwenye ncha iliyobaki. Ukimaliza, unaukunja na kuutia mfukoni. Mkanda mpana hauchubui gamba la mti kama waya. Nailoni hunyumbuka, hasa ikilowa. Unalala juu, unaamkia karibu na ardhi. Katani ni imara ikiwa mpya, lakini mvua huiozesha.

Funga kwa kimo cha kiti, usizidishe. Kalia kwanza taratibu, usikie miti na mafundo vinasema nini, ndipo umwite mtoto.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo.