Pumzi Chini ya Chuma

Mwenye kupuliza mrija uliozama ndani ya bilauri ya maji huona kiputo kikivimba mdomoni mwa mrija, kikishikiliwa na utando wa maji, mpaka nguvu ya kukiinua juu ishinde mshiko huo, kikabanduka. Na lau atasita kupuliza, maji hupanda papo hapo mrijani.

Jambo hilo, dogo machoni, ndilo lililokuwa roho ya tanuri la Henry Bessemer, Mwingereza aliyetangaza mwaka 1856 namna ya kugeuza chuma kuwa feleji kwa kupitisha hewa matunduni, chini ya chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho huzidi maji kwa uzito takriban mara 7, hata kina cha nusu mita tu hulemea tundu sawa na maji ya mita 3 na nusu. Hewa ikilegea, uji ule wa moto huingia matunduni, ukaganda na kuyaziba. Kwa hiyo chombo chake cha baadaye, nami naistaajabia sana busara hiyo, kiliwekwa juu ya mihimili ya kuzungukia, kikalazwa ubavu hadi matundu yawe juu ya chuma, ndipo hewa ilipofungwa.