Manase na Efraimu: Msamaha na Kusudi la Mungu Katika Nchi ya Ugeni

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Leo tunaadhimisha yubile. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinafundisha kwamba katika mwaka wa yubile kila mtu huirudia milki yake na jamaa yake. Lakini je, yule ambaye milki yake ilitwaliwa na jamaa yake wakauawa, arudi wapi? Swali hili limeishi Mishamo kwa miaka mingi. Makazi hayo, ambayo sasa yamo katika Mkoa wa Katavi, yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walifyeka pori, wakajenga, wakalima. Walutheri walishiriki kuwahudumia kupitia TCRS, chombo cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilichoanza kazi nchini mwaka 1964.

Naomba tulitafakari swali hilo kwa kumtazama Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake.

Kwanza, tuyaangalie majina ya wanawe (Mwanzo 41:50–52). Manase ni ukumbusho kwamba Mungu alimsahaulisha taabu zake. Efraimu, kwamba alimpa uzao katika nchi ya mateso yake. Tena walizaliwa kabla ya miaka ya njaa, wakati ndugu zake hawajafika Misri wala kuomba radhi. Mungu hakungoja wakosaji watubu ndipo ampe Yusufu kazi na matunda. Mtu aliyeumizwa asidhani kwamba maisha yake yamesimama mpaka adui yake atakapokuja kupiga magoti.

Pili, kusamehe si kufuta kumbukumbu. Baba wa Manase alipowaona ndugu zake alijitenga akalia (Mwanzo 42:24). Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alikuta watu wakisimulia kwa kina habari za mwaka 1972. Hilo si dhambi. Waliouawa wanastahili kukumbukwa. Hatari huja pale masimulizi yanapomrithisha mtoto chuki kwa watu asiowajua. Nasi tukumbuke kwamba mwaka ule damu ya Wahutu ilimwagika kwa wingi wa kutisha, na ya Watutsi pia ilimwagika. Mbele ya Msalaba hakuna kabila linalosimama bila kuhitaji rehema.

Tatu, msamaha hauliiti ovu jema. Yusufu aliwaambia ndugu zake waziwazi kwamba walimkusudia mabaya. Ndipo akakiri kwamba Mungu alikusudia mema, ili watu wengi wahifadhiwe hai (Mwanzo 50:20). Kusudi la maisha yake lilikuwa kuwalisha wengine, wakiwemo wale waliomuuza.

Wapendwa, kati ya mwaka 2008 na 2009 zaidi ya wakimbizi 50,000 wa mwaka 1972 walirejea Burundi. Mwezi Oktoba 2014 Serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wapo waliorudi na wapo waliobaki. Tusiwahukumu hawa wala wale. Yusufu mwenyewe alizaa watoto Misri, akaagiza mifupa yake ichukuliwe Kanaani. Aliyerudi akamsamehe jirani anayelima shamba lililokuwa la baba yake, na aliyebaki akaipenda nchi iliyompokea, wote wawili wanamtumikia Mungu mmoja.

Nasi wenyeji tusiwaite tena wageni wale ambao sheria imewaita raia na Ubatizo umewafanya ndugu.

Jioni ya leo, kila mmoja aisome sura ya 50 ya Mwanzo akiwa peke yake, amtaje mbele za Mungu mtu aliyemkosea, kisha amtaje na yule aliyekosewa naye. Hapo ndipo yubile yetu itakapoanza.

Bwana atusaidie. Amina.