Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Safari za Kipsongo

Historia ya miaka 25 ya kwaya yetu mwenyekiti ameshaisimulia, nasi hatutairudia. Tumeomba dakika chache tu tuseme juu ya Kipsongo, kwa sababu tunaulizwa kila mara: kwaya ya mlimani inatafuta nini katika mtaa wa mabanda kule Kitale?

Jibu wengi wenu mnalo. Kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulipogeuka vita, watu wa Mlima Elgon walikimbia kwa maelfu. Wengine walishuka Kimilili na Bungoma, wengine wakafika Trans Nzoia. Makanisa na shule zikawa malazi. Wapo waimbaji wetu waliolala juu ya mabenchi ya kanisa la wageni, na hakuna aliyewauliza lugha ya kwao.

Kipsongo nako kuna familia nyingi ambazo asili yao ni Turkana, watu waliosukumwa na ukame na wizi wa mifugo. Watoto wamezaliwa pale, na wajukuu pia. Wanaishi kwa vibarua.

Mahindi na maharagwe mnayotupa tunapeleka, na asanteni. Lakini gorogoro la mahindi huisha. Kinachowakwamisha zaidi ni karatasi. Mtoto asipokuwa na cheti cha kuzaliwa, usajili wake wa mitihani ya taifa unaleta shida. Sisi tuliosomea ualimu tunalijua hilo vizuri. Mzazi asiye na kitambulisho naye anahangaika kujiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Basi waimbaji wetu huketi na mama, wakatafuta kadi ya kliniki, au kadi ya ubatizo ikiwa ipo, wakamsindikiza kwa chifu, kisha ofisi ya usajili. Mara nyingine wanaambiwa warudi wiki ijayo. Nauli ya Kimilili, Kamukuywa, Kiminini hadi Kitale inalipwa tena. Picha ya foleni haipendezi, ndiyo maana hamtaiona katika kijitabu hiki.

Sasa tuseme habari ya pesa. Kinanda kimezeeka na sare zimepauka, hasa za besi, ingawa wenyewe hawapendi tuseme. Wengine mlipendekeza sadaka yote ya leo inunue kinanda. Kamati ilibishana hadi usiku, ikakubaliana nusu kwa nusu: nusu ya kinanda, nusu ya nauli na ada za vyeti. Kinanda kitangoja mavuno. Mtoto wa darasa la tano hawezi kungoja.

Tunahitaji watu pia. Karatasi ya majina iko karibu na meza ya chai. Anayejua Kiturkana, hata kidogo, aandike jina lake juu kabisa. Safari ijayo ni Alhamisi, na tunaondoka stejini saa kumi na mbili asubuhi.